Matanga ya Barua Pepe

Nina saiba ndogo, chumba cha kompyuta na mtandao, mjini Nyeri, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Watu hupanda ngazi kuja kulipa kodi, kuchapisha vyeti na kuandika barua za kuomba kazi, na wengine huja tu kuota jua dirishani wakingoja gari la kwao lijae. Kwa kuwa kazi yangu ni kusimama nyuma ya mteja nikimwonyesha pa kubonyeza, nimesoma barua za matapeli nyingi kuliko nilivyosoma Biblia, na Mungu anisamehe.

Nimeona wajane wa majenerali wakitaka kumrithisha dhahabu mkulima wa chai ambaye hawajui hata anapoishi. Nimeona watu wakipongezwa kwa kushinda bahati nasibu ambayo hawakununua tiketi yake, na vifurushi vilivyokwama bandarini vya watu ambao hawajaagiza hata kijiko. Mchuuzi mmoja wa mifugo kutoka Nanyuki, Mwislamu mpole ambaye hupitia kwangu akishuka mjini, aliwahi kuandikiwa na mtu aliyetaka kununua ng'ombe wake wote bila kuwaona. Alicheka hadi akavua kofia na kujifutia machozi. Aliniambia kwamba mtu asiyetaka kumshika ng'ombe mbavuni hataki ng'ombe, anakutaka wewe. Tangu siku hiyo nawafundisha wateja kwa maneno yake, na ukutani nimebandika karatasi kubwa iliyoandikwa: HUJASHINDA CHOCHOTE. KETI CHINI.

Watu husema nina ulimi mkali. Ni kweli, na katika biashara hii unafaa. Mteja akiniambia kwamba kuna benki ng'ambo inataka kumpa mali, namuuliza ni lini benki ya hapa ilimpa hata kalamu. Wengi hucheka, wakafuta barua, wakaenda zao. Kwa hiyo nilijiona nimebobea. Sikujua kwamba barua itakayonitoa jasho ingeingia nyumbani kwetu Tetu, kwenye simu ya mama yangu mzazi, na kwamba watu wa kwetu wangeipokea kwa namna ambayo hata aliyeiandika hakuitarajia.

Mama amevuka sabini. Anwani ya barua pepe nilimfungulia mimi, kwa sababu siku hizi serikali haikupi hata cheti cha mbwa bila kukuuliza anwani. Nikaiweka kwenye simu yake, nikamwonya asifungue barua ya mtu asiyemjua. Akaniuliza, mtu akibisha mlangoni utamjuaje kabla ya kufungua? Nikamwambia hiyo si hodi ya mlangoni. Akaniambia hodi ni hodi. Basi ikawa kila Jumapili baada ya kanisa anakaa nje na miwani yake, anasoma barua taka zote zilizoingia wiki hiyo, moja baada ya nyingine, kwa heshima. Wale wajane wa majenerali aliwaombea.

Asubuhi moja alinipigia simu saa ambayo huwa anakamua. Nilijua kuna jambo, kwa sababu mama hamwachi ng'ombe katikati.

"Mami," akasema. Huniita hivyo, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Anko wako ametuacha."

Nikamuuliza ni anko yupi.

"Ule alipotea."

Mjomba aliyepotea alikuwa kitinda mimba wa kwao. Mama alimbeba mgongoni tangu alipozaliwa, akaenda naye kuchuma kahawa, akaenda naye kuteka maji, mpaka watu wakawa wanamtania kwamba amezaa kabla ya kuolewa. Mjomba alikuwa fundi tangu utoto. Akiona redio anaifungua, akiona saa anaifungua, na siku moja aliifungua baiskeli ya padri wakati misa ikiendelea. Alipokuwa kijana aliuza ng'ombe wa babu bila ruhusa ili anunue mashine ya kuchomelea vyuma. Babu alimfukuza mbele ya watu na kumwambia asikanyage tena shamba lake. Mjomba akaondoka na mashine yake begani. Mara tukasikia yuko Mombasa, mara yuko Sudan, kisha hatukusikia chochote. Babu akafa, akazikwa, na nafasi ya kitinda mimba kando ya kaburi ikabaki wazi, kila mtu akiiona na hakuna aliyeitaja. Mama hakupona. Kila akisikia gari limesimama barabarani hutoka nje, hata kama mikono yake imejaa unga.

Nilifunga saiba nikaenda. Kwetu habari ya kifo haihitaji mtandao. Nilikuta akina mama wa kanisa wamekwisha fika na viondo vyao, moto umewashwa chini ya sufuria kubwa, viti vya plastiki vimeshushwa kutoka kwa jirani, na kaka mkubwa wa mama ameketi chini ya turubai akiwa na kofia magotini. Huyu mjomba mkubwa amekuwa mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa upande huu wa mji mdogo wa Wamagana: ya maji, ya kahawa, ya barabara, ya paka waliokuwa wakila vifaranga. Kabla sijafika alikuwa amekwisha chaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi.

Nikaomba simu ya mama. Nikaisoma ile barua.

Ilikuwa ya Kiingereza, ya mtu aliyejiita wakili, katika mji wa ng'ambo. Ilisema kwamba mteja wake, mhandisi mwenye jina la ukoo sawa na la mama, lile la babu, amefariki pamoja na mke wake katika ajali ya barabarani, ameacha mali nyingi benki, na hakuna ndugu aliyejitokeza. Mama ajibu upesi. Jambo liwe siri. Atume nakala ya kitambulisho na ada kidogo ya kufungulia faili.

Barua hiyo naijua kama ninavyoijua ngazi ya saiba yangu. Jina la ukoo walikuwa wameling'oa kwenye anwani ya mama, basi. Nikasimama mbele ya wazee nikawaeleza moja baada ya jingine, kwa upole ambao sina. Anwani ya huyu wakili ni mchanganyiko wa herufi na namba, si ya ofisi yoyote. Hakumtaja mama kwa jina lake kamili, alimwita mpendwa. Anataka siri. Anataka haraka. Anataka kitambulisho. Anataka ada kabla ya kutoa kitu.

Wazee walinisikiliza vizuri sana. Kisha mwenyekiti akanijibu, naye pia moja baada ya jingine. Siri ni sawa, kwani msiba hautangazwi kabla ya wenye mji kuambiwa. Haraka ni sawa, kwani mochari hulipisha kila siku, nani asiyejua? Kumwita mama mpendwa ni adabu ya mtu anayeleta habari mbaya. Kitambulisho ni sawa, kwani hata chifu hutaka kitambulisho kabla ya kutoa kibali cha kuzika. Kila nilichokiita dalili ya utapeli, wao walikiona dalili ya kifo.

"Hiyo pesa inaweza kuwa ya uongo," mwenyekiti akasema. "Sisi hatujauliza pesa. Lakini kifo, nani anaweza danganya mtu kifo? Ata mwizi anaogopa."

Watu wakaitikia. Hapo ndipo nilipoona kwamba sikuwa nabishana na ujinga. Kwetu mtu anaweza kukudanganya uzito wa kahawa, umri wa ng'ombe, na kwamba gari linaondoka sasa hivi. Lakini kutamka kwamba fulani amekufa ilhali yu hai ni kumchimbia kaburi kwa mdomo, na hakuna mtu wa rika la mama anayeamini kwamba binadamu mwenye akili timamu angethubutu. Tapeli alikuwa ametega mtego wa tamaa, na hawa watu walikuwa wameupita bila kuuona, wakaenda moja kwa moja kumlilia marehemu wake.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa akimenya viazi, na maganda yake yalikuwa manene, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine kwalo. Nikamwambia tena polepole kwamba hiyo barua ni ya uongo. Akanitazama. Akasema kwamba hataki mali ya mtu, anataka tu kumleta ndugu yake alale nyumbani, asilale kwa watu wasiojua hata jina la mama yake. Kumthibitishia kwamba barua ni ya uongo kulikuwa ni kumrudisha palepale pa kutojua, na kutojua ndiko kulikokuwa kumemzeesha. Nilimchukia yule wakili kwa moyo wangu wote.

Kamati ikanipa ukatibu, kwa kuwa ndimi mwenye kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumjibu wakili.

Mimi huwaambia wateja wangu wasijibu kamwe, kwa sababu ukijibu tapeli anajua kwamba kuna mtu upande wa pili, naye hatakuacha. Lakini kamati ilikuwa imeamua, na mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu kama mimi ninavyosimama nyuma ya watu. Nikafungua anwani mpya kabisa isiyo na jina la mtu wala namba ya simu, ili uchafu wake uishie huko, nikaapa kwamba kitambulisho cha mama hakitatoka nyumbani. Kisha nikaandika nilichoamriwa. Tulimshukuru kwa kutuletea habari. Tulimtakia afya njema yeye na watu wa nyumbani kwake. Tukamuuliza mwili uko mochari gani.

Akajibu siku hiyo hiyo, kwa furaha. Alitupa pole, akataka kitambulisho na ada.

Tukamwandikia kwamba tumeshukuru kwa pole, na mwili uko mochari gani.

Akajibu kwamba mambo ya mwili yameshughulikiwa, sasa tuzungumzie urithi. Niliposoma hilo chini ya turubai, watu walinung'unika hadi kuku wakakimbia. Yameshughulikiwa na nani? Nani alimwosha? Nani aliomba? Bibi mmoja wa kanisa akakumbuka mke wa marehemu, naye alikuwa na swali zito zaidi. Kama mahari hayakupelekwa kwa wazazi wake, kwetu hamwezi kumzika kama mke wenu mpaka mmeyamaliza na watu wa kwao. Kamati ikakaa juu ya jambo hilo mpaka chai ikapoa. Nikaamriwa kumuuliza wakili mke alikuwa wa wapi, baba yake ni nani, na mbuzi wangapi walikuwa wamekwisha pelekwa.

Safari hii jibu la wakili lilichelewa. Kisha akaandika kwamba mke alikuwa mzungu.

Hilo lilichukua jioni nzima. Wengine walisema wazungu hawachukui mbuzi. Wengine walisema hakuna mzazi duniani asiyechukua kitu, isipokuwa labda hajaulizwa vizuri. Mwishowe tukamwomba wakili atuunganishe na wazazi wa mke, tukaongeza kwamba tuko tayari kuzungumza. Nadhani hapo alianza kuona kwamba barabara aliyoingia haina mahali pa kugeuzia gari. Alijibu kwamba wazazi wa mke, na ndugu zake wote, walikuwa ndani ya gari lile lile.

Mwenyekiti alivua kofia. Akasema tusimame tuwaombee na hao. Tukasimama, turubai zima, tukawaombea wakwe zetu wazungu wapumzike kwa amani. Nilikuwa nimeinamisha kichwa na kujiuma mdomo, nikijua kwamba nikicheka nitafukuzwa kama mjomba.

Barua ya mwisho ya wakili ilikuwa ya vitisho. Alisema tusipotuma ada kufikia Ijumaa, serikali ya kule itachukua mali yote. Kamati haikuhitaji hata dakika. Tulimwandikia kwamba serikali ichukue mali, na sisi tupewe mwili, na kwamba tunatuma wazee watatu waje kuuchukua, awaandalie mahali pa kulala. Baada ya hapo hakuandika tena. Nilimtumia ukumbusho wa heshima, kimya. Nikamtumia mwingine wa kumuuliza kama ni mgonjwa, kimya. Katika miaka yangu yote ya saiba sijawahi kuona tapeli akichoka kabla ya mteja, na nakiri kwamba nililala vizuri.

Wiki iliyofuata mteja wangu mmoja, mama muuza maziwa kutoka Karatina, alipanda ngazi akiwa na barua ya kumwonyesha mtu. Mhandisi amekufa, mke amekufa, ajali ya barabarani, wakili, faili, siri. Tofauti ilikuwa jina la ukoo tu, nalo lilikuwa lake. Nilimkumbatia mpaka akashtuka. Nikaichapisha ya kwake kwa ruhusa yake, nikaichapisha na ya mama yangu, nikapanda kwenda Tetu.

Mwenyekiti aliweka karatasi mbili magotini akazisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno. Kisha akasema mhandisi huyu amekufa sana kwa mtu mmoja. Akaziinua, akawaonyesha wazee, akawaambia barua ni ya uongo na katibu alikuwa amesema. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi, kwa sababu nilikuwa namtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi.

"Sasa yeye ako wapi?" akauliza.

Watu walitazama viatu vyao. Nilitamani turudi kwenye uongo, angalau huko mjomba alikuwa na mahali, hata kama mahali penyewe palikuwa mochari isiyo na jina.

Mwenyekiti alianza kusema kwamba basi turudishe viti vya jirani. Mama akasema viti visirudishwe. Watu wamekuja, akasema, wamelia, wamekula, na yeye hatawaambia warudi nyumbani ati ilikuwa kompyuta. Tangu ndugu yake afukuzwe hakuna aliyewahi kumlilia, hata siku moja. Sasa wamemlilia wiki mbili, na yeye anataka jambo hilo litangazwe kwenye redio, ile ya lugha ya kwetu ambayo husoma matangazo ya vifo kila jioni baada ya habari. Kama amekufa kweli, waliomjua wasikie. Kama hajakufa, asikie mwenyewe.

Nilipinga. Nilisema nimewafunza watu miaka mingi wasieneze uongo, na sasa mama yangu anataka nimtangaze mtu mzima kwamba amekufa. Tulibishana pale mlangoni mpaka akina mama wa kanisa wakajifanya wanahesabu vikombe. Mwenyekiti ndiye aliyetuamua. Alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini tuliseme kwa ukweli. Kwa hiyo niliandika yaliyokuwa kweli: kwamba watoto wa marehemu mzee fulani wa Tetu wanakutana nyumbani kila jioni kumwombea ndugu yao mpendwa, kitinda mimba, fundi, ambaye habari za kifo chake zimewafikia. Redio hulipisha kwa neno. Nilitaka kuliondoa neno mpendwa, tubakize ndugu peke yake. Mama akasema bora niondoe Tetu.

Haya yanayofuata niliyasikia baadaye, kwa kinywa cha mwenyewe.

Mjomba hakuwa Sudan. Alikuwa Kutus. Alikuwa amezunguka pwani na kwingineko, kisha akaanza kurudi nyumbani polepole, mji baada ya mji, akitengeneza mashine za kusaga na za kukoboa mpunga, mpaka akafika Kutus na miguu ikakataa. Kutoka pale ukianza safari asubuhi utakula chakula cha mchana kwetu. Alikaa hapo miaka. Alikuwa amesikia, kwa kuchelewa sana, kwamba babu alikufa, na akaona kwamba mtoto ambaye hakumzika baba yake hana uso wa kurudi. Aliamini jina lake halitajwi tena nyumbani.

Jioni ile alikuwa amelala chali chini ya mashine ya mteja, redio ikiongea kwenye rafu. Akasikia jina la baba yake. Akasikia la mwenyekiti, akasikia la mama. Kisha akasikia lake, na kwamba amekufa, na kwamba ni mpendwa. Mwenye mashine, aliyejua tu kwamba fundi wake ni mtu wa upande wa Nyeri, akamuuliza kama marehemu ni wa kwao, akampa pole. Mjomba akasema asante. Akamaliza kukaza skrubu, kwa sababu ni fundi na hawezi kuacha mashine ya mtu wazi, kisha akaenda kununua mchele.

Kesho yake saa kumi jioni tulikuwa chini ya turubai kama kawaida. Mzee mmoja mwembamba aliingia langoni na gunia dogo la mchele begani. Hakuna aliyeshangaa, kwani haiendwi matangani mikono mitupu, na baada ya tangazo la redio wageni walikuwa wengi. Akina mama walimpokea gunia, wakamshukuru, wakamwonyesha kiti cha nyuma. Kama katibu nilimwendea kumkaribisha, nikamuuliza alimjua vipi ndugu yetu. Akasema wamekuwa pamoja tangu utoto. Nikamwambia pole sana. Akaniambia na wewe pia.

Mwenyekiti alisimama akaomba. Aliomba kwa urefu, kama anavyosoma taarifa ya mwaka ya kamati ya maji. Alimkumbusha Mungu ile baiskeli ya padri, na watu wakacheka kidogo ndani ya maombi. Alisema kwamba baba yao alikuwa na hasira, lakini wao watoto walikuwa na midomo na hawakuitumia siku ile, na Mungu awasamehe. Nilifumbua jicho moja, maana sijazoea kumsikia mjomba mkubwa akiomba radhi. Yule mgeni wa nyuma alikuwa ameinama, ameushika uso wake kwa mikono miwili.

Baada ya amina mama alipita akigawa chai, mstari kwa mstari, kama alivyofanya kila jioni. Hamwachii mtu kazi hiyo. Alifika nyuma, akamnyooshea mgeni kikombe. Mgeni akanyoosha mkono kupokea, na mama akauona ule mkono, akaacha kuutazama, akamtazama uso.

Alisimama hivyo muda mrefu. Mimi nilidhani ni mgeni amemwambia jambo baya, nikaanza kuwaendea na ulimi wangu tayari. Nilipowafikia nikasikia sauti ya mgeni, ya chini sana.

"Nimesikia nimekufa," alimwambia. "Nikasema wacha nikuje nione kama kuna mtu analia."

Turubai zima lilikuwa limeanza kugeuka. Mwenyekiti alikuwa amesimama, kofia imemwanguka. Mama alimwekea ndugu yake kikombe mkononi, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja, kama mtu anayemfundisha mtoto kushika.

"Keti," akamwambia. "Hatujamaliza."

Akaketi. Mama akavuta kiti cha plastiki akaketi kando yake, mbele ya watu wote, akalia mpaka giza likaingia.